Kasia la chombo gani?

Tulikuwa tumemaliza karatasi nyeupe na kufika katikati ya zile za buluu umeme ulipokatika Langoni. Mtu mmoja aliwasha tochi ya simu akaishikilia juu ya debe la biskuti tulilolifanya sanduku la kura, na msomaji akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea: Kasia, Nanga, Kasia, Kasia, Nanga, Kasia. Aliyekuwa akipiga mistari ubaoni alianza kuandika kabla hata jina halijatajwa. Baraza lilinyamaza. Mzee mmoja aliyeketi karibu na dele la kahawa, mtu aliyemalizia ujana wake majahazini, akauliza kwa sauti ya chini, "Hili kasia ni la chombo gani?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kujua.

Kasia lilikuwa la Tanga.

Kanuni niliyoiandika mwenyewe

Chama chetu ni cha kufaana: michango ya misiba na harusi, mikopo midogo ya nyavu na injini. Kamati yake ilikuwa ikichaguliwa kwa mitaa, mtaa mmoja mjumbe mmoja, mitaa minane. Wanachama wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi lina alama yake, Tanga na Nanga. Kila uchaguzi Tanga lilikuwa likichukua mitaa saba na Nanga mmoja, ingawa ukizijumlisha kura za mitaa yote pamoja, makundi hayo yalikuwa yakikaribiana sana. Manung'uniko yalipozidi, wazee walinituma niandike kanuni mpya, kwa kuwa nilisomea hesabu na kwa kuwa, kama alivyosema shangazi yangu, mimi ndiye mwenye muda wa kukaa.

Niliandika mfumo wa mseto. Wajumbe wanane wangeendelea kutoka mitaani, na vingeongezwa viti vinne vya fidia, jumla kumi na viwili. Kila mwanachama angepewa karatasi mbili: nyeupe ya kumchagua mtu wa mtaa wake, na ya buluu ya kuchagua orodha. Kura za buluu ndizo zingeonyesha haki ya kila kundi katika viti vyote kumi na viwili, kisha vile vinne vingegawiwa kimoja kimoja, kila mara kwa orodha iliyo nyuma zaidi ya haki yake. Niliifanyia majaribio kwa hesabu za uchaguzi uliopita, nikaridhika nayo kuliko inavyofaa mtu kuridhika na maandishi yake.

Waliopiga kura walikuwa 300. Kwenye karatasi nyeupe Tanga lilipata 160 na Nanga 140, na mitaa ikaenda saba kwa mmoja kama kawaida. Laiti karatasi za buluu zingefuata mkondo huo huo, haki ya Tanga ingekuwa viti 6.4 na ya Nanga 5.6, Tanga lilikuwa na saba tayari, basi vinne vyote vingekwenda kwa Nanga, na kamati ingekuwa saba kwa watano.

Lakini kwenye buluu Tanga lilipata kura 10. Orodha mpya iitwayo Kasia, iliyosajiliwa siku ya mwisho na ambayo haikusimamisha mtu katika mtaa wowote, ilipata 150. Kwa kanuni yangu Kasia lilistahili viti sita na halikuwa na hata kimoja, kwa hiyo ndilo lililokuwa nyuma kuliko wote. Lilipewa cha kwanza, likapewa cha pili, Nanga likapata cha tatu, na cha nne kikarudi kwa Kasia.

Kumi kwa wawili.

Kanuni niliyoiandika ili kuwasaidia wachache iliwaacha na mjumbe mmoja tu zaidi ya waliokuwa naye zamani, katika kamati iliyokwisha kuongezwa watu wanne.

Lawama

Wiki ya kwanza niliwalaumu watu. Niliwaita wajanja, na kwa faragha niliwaita kwa maneno mengine. Jirani yangu, ambaye ni miongoni mwa waliolipanga jambo hili, nilikuwa nikimwitikia salamu kwa nusu mdomo, mpaka asubuhi moja akanisimamisha penye kona ya uchochoro ambapo punda wakipita na mawe inabidi mtu ajibanze ukutani. "Ndugu yangu," aliniambia, "kanuni umeiandika wewe. Sisi tuliisoma tu."

Sikuwa na jibu, na maneno yale yalinikera kwa wiki kadhaa, hasa kwa sababu yalisemwa bila ukali.

Nilianza kutafuta kama kuna mahali pengine ambapo jambo kama hili limewahi kutokea, nikitaraji, nakiri, kupata majina ya wajanja wengine wa kuwalaumu.

Bundi

Lesotho ilipata somo la kwanza mwaka 1998, chama kimoja kilipochukua viti 79 kati ya 80 kwa takribani asilimia 60 ya kura. Maseru iliwaka moto, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na baada ya mazungumzo marefu nchi ikabuni bunge la mseto: majimbo 80 na viti 40 vya fidia, karatasi mbili kwa kila mpiga kura. Uchaguzi wa 2002 ulikwenda vizuri. Mwaka 2007 chama tawala, LCD, kilishinda majimbo 61 na hakikutaka orodha. Wafuasi wake walielekezwa kukipa kura ya pili chama kidogo cha NIP, ambacho kilipata viti 21 vya fidia. Wapinzani wakubwa wa ABC hawakubaki nyuma, nao wakapitisha orodha yao kwa chama cha LWP, wakapata 10.

Nililisoma jambo hilo mara mbili. Ilikuwa ni karatasi yangu ya buluu.

Italia ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo mwaka 2001. Wagombea wa majimbo wa kambi zote mbili kubwa waliambatanishwa na orodha bandia ili ushindi wao usipunguze haki ya orodha ya kweli, na chama kimoja kilivuna kupita kiasi hata kikakosa watu wa kutosha wa kujaza viti vyake, na viti kadhaa vikabaki vitupu. Waitalia waliziita orodha za bundi, kwa sababu wawindaji wa kwao walikuwa wakimfunga bundi mdogo kuwa chambo cha kuvutia ndege wengine. (Huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu husoma dua, sioni kwamba jina lile limekosea.) Korea Kusini iliingiza viti vya fidia kwa sheria ya mwishoni mwa 2019, na katika uchaguzi wa Aprili 2020 vyama vyake viwili vikubwa vilikuwa tayari vimeanzisha vyama vya pembeni kwa kazi hiyo hiyo.

Hapo ndipo lawama zangu zilipoanza kulegea. Waitalia, Wasotho, Wakorea na watu wa Langoni hawana dini moja, hawana lugha moja, wala hawakuandikiana barua. Wote walifanya kitendo kimoja.

Vitu vile vile, mpangilio mwingine

Katika miaka ya 1820 mwanakemia Friedrich Wöhler alichunguza chumvi moja ya fedha, na mwanakemia mwingine, Justus von Liebig, akachunguza nyingine. Ya Wöhler, sianati ya fedha, ilikuwa tulivu. Ya Liebig, fulminati ya fedha, hulipuka kwa kuguswa tu. Vipimo vyao vilipolinganishwa vilikuwa sawasawa: fedha, kaboni, naitrojeni na oksijeni kwa uwiano ule ule. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba mmoja wao amekosea. Hakuna aliyekosea, na mwaka 1830 Jöns Jacob Berzelius akavipa jina la isoma vitu vya namna hiyo, vyenye viungo sawa na tabia tofauti kwa sababu ya jinsi viungo vilivyounganishwa.

Nilijiuliza kama kamati yetu haikuwa jambo la aina hiyo: watu wale wale, tamaa ile ile, na mpangilio mmoja unaotulia ilhali mwingine unalipuka.

Hata hivyo nina shaka ya zamani na watu wanaoona mifano kila mahali. Ludwig von Bertalanffy, mwanabiolojia aliyetafuta nadharia moja ya mifumo yote, mwenyewe alitenga mfanano wa juu juu na ule wa ndani, ambao kanuni zake za hesabu ni zile zile ingawa vitu ni tofauti. Mfanano wa juu juu ni rahisi mno. Mimi mwenyewe niliuangukia. Nilikuwa nimesoma kuhusu Dietrich Braess, mwanahisabati Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1968 kwamba kuongeza barabara mpya kunaweza kumchelewesha kila msafiri, na kuhusu jaribio la springi lililoelezwa mwaka 1991: uzito unaning'inia kwenye springi mbili zilizofungwa kwa kamba fupi, na pembeni ziko kamba mbili ndefu zilizolegea, ukiikata kamba ile fupi uzito hauanguki bali hupanda. Na Ujerumani, mwaka 2005, kulikuwa na uchaguzi uliocheleweshwa katika jimbo moja la Dresden, ambapo ilijulikana kwamba chama cha CDU kikipata kura nyingi mno za orodha kitapoteza kiti. Mahakama ya Katiba ya huko ililikataa jambo hilo mwaka 2008. Kuongeza kunapunguza, kukata kunainua! Niliandika kurasa mbili nikidai ni jambo moja.

Kisha nilijaribu kuihamisha hesabu ya springi kwenye viti, hatua kwa hatua. Nilihangaika siku tatu bila mafanikio, nikazichana kurasa zile.

Niliyojifunza katika siku hizo tatu ni kipimo. Kama miundo miwili ni mmoja kweli, basi lazima niweze kutabiri kwa huu kitakachotokea katika ule, tena nitabiri na pale kisipotokea. Nilikijaribu kipimo hicho kwa bundi. Kama chanzo chake ni fidia inayopimwa kwa karatasi ya pili, basi pasipo na fidia asiwepo. Kenya ina wabunge 12 wa kuteuliwa, lakini Katiba ya 2010 inawagawa kwa uwiano wa viti ambavyo chama kimekwisha kushinda. Orodha ya pembeni isiyoshinda kiti haipati kitu, na kwa kweli hakuna anayejisumbua kuiunda, japo hatuna upungufu wa wanasiasa wenye akili za aina hiyo. Viti maalum vya Tanzania navyo huongezwa juu ya matokeo ya majimbo bila kuyafidia, na huko pia bundi hana kazi.

Kipimo kilishika.

Thumuni iliyogeuka tusui

Jambo lililobaki lilikuwa lile la Tanga kuwa na mitaa saba wakati haki yake ni 6.4. Nililitaja kwa bahati tu mbele ya maalim wangu wa chuoni, ambaye sasa ni mtu mzima sana na bado husomesha mirathi baada ya alasiri. Alinisikiliza, akachukua kipande cha chaki, akaandika ubaoni: mke, mabinti wawili, baba na mama.

Mke ana thumuni, yaani sehemu moja kwa nane. Mabinti wana thuluthi mbili. Baba ana sudusi, yaani sehemu moja kwa sita, mama ana sudusi. Katika mafungu 24, hayo ni 3, 16, 4 na 4. "Jumlisha, mwanangu," akasema. Ni 27. Mali ni 24 na haki ni 27, na kila haki imeandikwa.

Ni masala mashuhuri. Husimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari na akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imegeuka tusui, yaani sehemu moja kwa tisa. Mafungu huhesabiwa kuwa 27 na kila mmoja hupungukiwa kwa kiasi chake. Hiyo ndiyo aul, na sisi Mashafii ndiyo tunayoifuata. Ibn Abbas, naye sahaba wa Mtume, aliikataa, akaona upungufu ubebwe na baadhi ya warithi, si na wote.

Nilirudi nyumbani nikazitazama sheria za Ujerumani kwa jicho jingine. Kila mshindi wa jimbo ana haki ya kiti, kila chama kina haki ya uwiano wake, na haki zote zikijumlishwa huzidi bunge. Wajerumani kwa miaka mingi waliviacha viti vya ziada vibaki kwa aliyevipata. Kisha wakaamua kuwaongezea na wengine mpaka uwiano urejee, na bunge lililokusudiwa kuwa na wabunge 598 likafika 736 mwaka 2021: huko ni kuifanya mali yenyewe iwe 27, jambo ambalo msimamizi wa mirathi hawezi. Sheria ya 2023 ililifunga bunge kwenye 630 na kusema kwamba mshindi wa jimbo asiyefunikwa na kura za orodha ya chama chake hana kiti. Katika uchaguzi wa Februari 2025 washindi 23 walibaki nje kwa njia hiyo. Nilimwambia maalim kwamba Wajerumani wameelekea upande wa Ibn Abbas. Alicheka mpaka akavua miwani.

Mahali mfanano unapokatika

Lakini ni yeye aliyenionyesha kasoro, na alifanya hivyo kwa swali ambalo hakulikusudia kuwa la maana. Alitaka kujua kuhusu lile Kasia. Nilipomweleza, alikunja uso kama mtu aliyesikia jambo lisilowezekana. "Basi mtoto alikwenda kwa kadhi," akasema, "akajiita mtoto mwingine?"

Katika faraidhi, yaani hesabu ya mirathi, hilo halipo. Nasaba inajulikana, na mrithi hachagui kuwa nani. Thomas Jefferson alipobuni njia ya kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1792, na Victor D'Hondt wa Ubelgiji alipoibuni tena mwaka 1878, hesabu yao ilikuwa ni moja kabisa, tarakimu kwa tarakimu. Lakini Jefferson aligawia majimbo, na jimbo haliwezi kuamka asubuhi ya uchaguzi likiwa na jina jipya na kudai kwamba halijawahi kupewa kitu. D'Hondt aligawia vyama.

Kanuni yangu ililitambua kundi kwa jina lililoandikwa juu ya karatasi, halafu ikatumia jina hilo kuunganisha nyeupe na buluu. Nguvu yote ya fidia ilipita katika uzi huo mmoja, na uzi huo niliwakabidhi wagombea wenyewe waufunge watakapo. Nilishughulika mno na kugawa viti hata sikujiuliza tunajuaje kwamba aliyeshinda mtaani na anayedai fidia ni watu mbalimbali. Mzee wa kahawa aliliuliza kabla yangu, usiku ule ule, kwa lugha ya chombo na kasia.

Jirani yangu nimerudi kumwamkia kwa mdomo mzima.

Karatasi moja

Lesotho ilirekebisha sheria yake mwaka 2011, na katika uchaguzi wa 2012 kila mtu alipiga kura moja tu: ukimchagua mgombea wa jimbo, kura hiyo hiyo huhesabiwa kwa chama chake. Uzi unafungwa na mpiga kura mwenyewe na haufunguki. Nilizipitisha kura zetu 300 katika njia hiyo. Kasia, lisilo na mtu katika mtaa wowote, linapata sifuri. Nikajaribu ujanja mwingine, nikawasimamisha washindi saba wa Tanga bila orodha yoyote: viti vinne vyote vinakwenda kwa Nanga, saba kwa watano, hakuna walichochuma. Niliandika rasimu, ukurasa mmoja na nusu, nikaipeleka kwanza kwa shangazi kwa sababu yeye husoma kila neno.

Aliisoma akiwa ameketi kwenye mkeka, akishona kofia, sindano ikiwa imesimama kwenye tundu moja. Alirudi kwenye mstari wa tatu. Yeye, aliniambia, nyeupe yake alimpa yule kijana wa Tanga wa mtaani kwetu, kwa kuwa ndiye anayekuja kuziba bomba likipasuka hata usiku wa manane. Buluu aliwapa Nanga, kwa sababu anaamini mikopo yao wanaiandika sawasawa. Hakumdanganya mtu. Hakupangwa na mtu.

"Sasa hii karatasi yangu ya pili," akauliza, "umeipeleka wapi?"

Rasimu bado iko kwake. Mkutano ni baada ya Maulidi.